Ngazidja: mvua tele, mto hakuna

Mtu wa Mombasa akisikia kisiwa huwaza jiwe la matumbawe na kisima cha maji ya chumvichumvi nyuma ya nyumba. Ukienda Komoro kuwatembelea jamaa, picha hiyo iache nyumbani. Ngazidja, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Komoro, ni mlima wa volkano uliotoka baharini: Karthala, mita 2,361, na ungali hai. Mvua yanyesha sana, lakini lava yake ni changa, imejaa nyufa na matundu, maji yazama yote. Kisiwa kizima hakina mto wa kudumu. Visima vya pwani vipo, ila mara nyingi huwa vya chumvi.

Kabla ya kuuliza habari ya feni, uliza birika, yaani tangi la kukingia maji ya mvua kutoka batini, lina maji kiasi gani, hasa miezi ya kusi, kiangazi cha huko. Hesabu yake ni rahisi. Bati la mita 6 kwa 10 likipata mvua ya milimita 10 hutoa lita 600. Toa moja kwa tano inayomwagika na kukauka, zabaki 480. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi usiiingize. Geuza mfereji pembeni kwa robo saa, vumbi na kinyesi cha ndege vitoke. Mdomo wa birika ufunikwe kwa wavu, la sivyo utafuga mbu.

Mlima ukitema majivu, kama 2005 yalipochafua mabirika ya vijiji vingi, chomoa bomba kabla ya mvua na ufagie bati lingali kavu. Majivu yakilowa huwa mazito, bati laweza kubonyea. Na kuchemsha huua vijidudu tu. Majivu na chumvi hubaki palepale.

Wa kupanda Karthala waende kati ya Juni na Septemba, na mwongoza njia wa huko. Bebeni lita 6 kwa mtu kwa siku mbili, maana juu hamna pa kuteka. Ondokeni alfajiri, mawingu hayajafunika. Lava hukata ndala, vaeni viatu vya soli ngumu. Na koti zito, jamani! Sisi wa pwani hulidharau, usiku meno yakagongana.

Nzwani, kisiwa jirani, ni kikongwe zaidi, lava yake imeoza ikawa udongo unaoshika maji, na mito ipo. Ila mingi sasa hukauka kiangazi, tangu misitu ya miteremkoni ikatwe. Maji yake chemsha vilevile, huko juu pana mashamba na watu wafua nguo.