Usimalizie PEX ya maji ya kawaida kwenye laini ya hita

Mkuu umeuliza kama PEX (paipu ya plastiki inayopindika) iliyobaki ulipofunga maji ya jikoni unaweza kuitumia kwenye hita za maji moto za kupasha nyumba joto, zile ndefu zinazokaa chini ya ukuta. Usithubutu. Mimi nilifanya hivyohivyo.

Paipu ile inapitisha oksijeni kidogokidogo, kwenye maji ya bomba haina neno maana yanapita tu yanaenda zake, ila maji ya hita ni yaleyale yanazunguka miaka nenda miaka rudi, sasa oksijeni ikiingia kila siku inakula vyuma, boila (mtambo unaopasha maji), pampu, mpaka tangi la kupanukia, lile linalopokea maji yakitanuka kwa joto. Baridi ya pili pampu yangu ikagoma, kufungua, maji meusi tii, feni ya ndani imeganda tope la kutu, ukiligusa linapaka kidole kama masizi. Iliniuma sana kwa kweli.

Kwa hiyo chukua PEX yenye tabaka la kuzuia oksijeni, imeandikwa kwenye paipu yenyewe, na hapohapo soma joto lake, nyingi zinabeba nyuzi 82 kwa psi 100 (psi ni kipimo cha presha) na nyuzi 93 kwa psi 80. Presha ya hita za nyumbani ni ndogo, cha kuangalia ni joto. PVC achana nayo kabisa, joto la boila haiwezi.

Saizi, kama hita zako ni shaba ya inchi 3/4 nenda na hiyohiyo. Ila ujue PEX ya 3/4 ndani ina kama milimita 17 wakati shaba ina kama 20, halafu fitingi zinazoingia ndani ya paipu zinabana zaidi, so punguza elbo, kunja paipu kwa kona pana.

Kingine watu wanasahau ni kutanuka. Mita 10 za shaba zikitoka nyuzi 20 mpaka 80 zinarefuka kama sentimita 1, PEX inaweza kufika 10! Toboa mbao tundu kubwa kuliko paipu na usiibane kwa klipu, la sivyo usiku kucha ni tik tik tik. Mimi pale karibu na hita naweka shaba, inakaa imenyooka, PEX inapita chini ya sakafu.

Kabla hujaziba ukuta jaza maji, pandisha presha, acha mpaka asubuhi uangalie geji, halafu washa boila mpaka ipate moto vizuri, zima, ipoe kabisa ndio upapase kila jointi kwa tishu kavu, maana jointi mbovu nyingine zinavuja zikipoa tu.