Beisi mbili, lakini kuanzia wapi?

Hapana kaka, kwenye ile mechi ya besiboli mwamuzi hakumwonea kijana wako, mkimbiaji, alipompa beisi (kituo cha kukimbilia) ya tatu badala ya kumpeleka nyumbani, yaani beisi ya mwisho inayoleta pointi. Kweli alishakanyaga beisi ya pili mpira aliourusha mlinzi ulipopaa juu ya beisi ya kwanza ukaangukia kwenye benchi la wachezaji, nje ya uwanja. Lakini lile lilikuwa tendo la kwanza la mlinzi wa ndani (anayelinda karibu na beisi), na mpigaji alikuwa bado hajafika ya kwanza. Hapo zile beisi mbili wanazopewa wakimbiaji mpira uliorushwa na mlinzi ukitoka nje huhesabiwa tangu mpira uliporushwa kwa mpigaji: kijana alikuwa ya kwanza, anapewa ya tatu, mpigaji ya pili. Angerusha mlinzi wa nje, ingehesabiwa pale mpira unapotoka mkononi, na kijana angeenda nyumbani. Hata makocha hubishana hapo!