Simanzi ndani ya sauti za mashine

Mwanangu,

Swali lako nimelipata. Unataka kujua, muziki uliotengenezwa wote kwa kompyuta na sinthesaiza (kinanda cha umeme kinachounda sauti), bila mwimbaji wala gitaa, ukiusikia una simanzi, je, hiyo simanzi imo mle ndani kweli au umeibeba wewe mwenyewe? Wenzako wanakwambia mashine haina moyo. Sawa, haina. Hata udi wa taarabu hauna. Simanzi inasikika, na vingi vinavyoileta vinapimika. Kisichopimika ni kama aliyeutengeneza alikuwa na huzuni siku hiyo, na hapo ndipo ubishi wenu unapogongana.

Sikiliza mtu mwenye majonzi anavyoongea. Anaongea taratibu, sauti iko chini, haipandi wala kushuka sana, na sentensi zinaishia kwa kuzama. Kinanda kikifanya hivyohivyo, sikio linakipokea hivyohivyo. Kwa hiyo utakuta mapigo 60 hadi 80 kwa dakika, melodi inayoteremka, na filta, yaani chujio la sauti, iliyokata sauti za juu kuanzia hezi 1,000 hivi (hezi ni mitetemo kwa sekunde), hadi ile ncha kali ya sauti inapotea na kinanda kinakuwa kama kinapigwa chumba cha pili. Kuna na ngazi ya noti iitwayo maina, ambapo ile sauti ya tatu inateremshwa nusu-toni, yaani hatua moja ndogo kabisa kwenye kinanda. Wengi wanaishia hapo kwenye maina. Mimi naiona ni sehemu ndogo tu, maana ziko biti za maina chungu nzima ambazo watu wanazichezea harusini.

Kazi kubwa inafanywa na sauti isiyotulia. Chukua osileta mbili, yaani vyanzo viwili vya sauti ndani ya sinthesaiza, zote hezi 220, halafu moja uipandishe senti 7 (senti 100 ni nusu-toni moja). Zitaanza kuvutana, na utasikia wimbi linalopanda na kushuka karibu mara moja kwa sekunde. Ukizidisha hadi senti 25, wimbi linakuwa la mara tatu kwa sekunde, na sasa msikilizaji anasikia kinanda kibovu, simanzi imekimbia. Juu ya hapo ongeza mtikisiko wa polepole sana, chini ya mara moja kwa sekunde, senti 10 juu na 10 chini, usiofuata mpangilio. Ndivyo zilivyolia kanda za taarabu zilizopigwa mpaka utepe ukalegea. Boards of Canada, ndugu wawili wa Scotland, albamu yao ya 1998 imejaa mtikisiko wa namna hiyo. Ila ujue kwamba hapa sehemu ni mazoea: aliyekua na kanda anasikia zamani, na ambaye hajawahi kushika kanda anaweza kusikia hitilafu tu.

Burial, mtengenezaji muziki wa London, ni somo jingine. Albamu yake ya 2007 aliitengeneza kwenye programu ya kuhariri sauti isiyo na gridi (mistari ya kupangia mapigo) ya kupanga ngoma, akawa anaziweka kwa jicho, ndiyo maana hazikai pale hasa unapozitarajia. Sauti za waimbaji amezikata vipande, akazipandisha na kuzishusha mpaka hujui ni mwanamke au mwanamume, na chini yake kuna mikwaruzo ya sahani za santuri. Neno halikamiliki. Unasikia mtu anataka kusema kitu, halafu basi.

Halafu yuko William Basinski, mtunzi wa New York. Mwaka 2001 alikuwa anahamishia kwenye dijitali lupu za kanda, yaani vipande vinavyojirudia, alizozitengeneza miaka ya 1980. Kanda zilikuwa zimechakaa, na kila zilipozunguka ungaunga wa chuma uliobeba sauti ulidondoka. Muziki ukafa polepole huku unarekodiwa. Hapo hakuna aliyepanga huzuni, ni kutu tu inabanduka. Hata hivyo ukishaambiwa kisa hicho, unaisikia mara mbili zaidi. Kwa hiyo ukitaka kujua simanzi ni ya nani, sikiliza kwanza, kisha ndiyo usome habari za msanii.

Wala usikubali wakuambie kasi inaua huzuni. Chukua singeli ya Mburahati, Dar es Salaam, yenye mapigo 220 kwa dakika. Nyingi zina lupu fupi za vinanda, na baadhi zimetoka kwenye taarabu iliyokimbizwa. Ifungue kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, uipunguze kasi hadi nusu kwa kile chombo kinachobadili kasi na sauti pamoja. Inashuka oktava nzima (hezi zinakuwa nusu), mapigo yanakuwa 110, na ile lupu iliyokuwa inakuchezesha utaisikia inavuta miguu. Noti ni zilezile, mpangilio uleule.

Jaribio hilo lifanye usiku, feni ukiwa umezima. Feni inafunika mkia wa mwangwi, yaani sauti inayobaki ikififia baada ya noti, na mkia huo ndio unaobeba upweke mwingi. Spika ya simu nayo haifai, besi haitoi kabisa. Tumia hedifoni za waya.

Umesema unataka kutengeneza yako. Vijana wengi hapa mjini wanakosea pale pale: wanaweka mwangwi wa sekunde 8 kwenye kila kitu wakidhani ndiyo huzuni, wanapata tope. Weka sekunde 4 hadi 5, kwenye kinanda peke yake. Uucheleweshe milisekunde 30 ili noti isikike kwanza, na ndani ya mwangwi kata kila kilicho chini ya hezi 250. Besi iache kavu. Ukishapiga noti, usizilazimishe kukaa kwenye gridi kwa asilimia 100. Asilimia 60 inatosha, vinginevyo unaua kile ulichokuwa unakitafuta. Na usiweke mikwaruzo ya sahani kwa kuwa Burial aliiweka. Imeshakuwa kama pilipili kwenye kila chakula.

Ukimaliza nitumie faili la WAV (sauti isiyobanwa) kama dokumenti, si kama ujumbe wa sauti, maana ule unabanwa na mkia wa mwangwi unaliwa. Usiniambie uliitengeneza ukiwa na hali gani.

Baba