Folda Imegoma Kufunguka? Angalia Kwanza Inamtambua Nani

Juzi msomaji mmoja wa Kahama kaniandikia akiwa amechanganyikiwa. Kapiga Windows upya, yaani kaisakinisha upya, mashine imekaa vizuri, ila folda ya picha za harusi ya dada yake iliyoko diski D inamwambia "You don't currently have permission to access this folder". Kabonyeza Continue, imekataa. Fundi wa mtaani kwake kamwambia ni virusi, dawa yake ni kuformati, yaani kufuta diski yote. Nilimjibu kwa kifupi asiformati chochote. Maelezo kamili ndiyo haya, na nayaandika hapa kwa wote kwa sababu najua wengi wenu mnaonisoma mna ndoto ya kufungua kibanda chenu cha ufundi, na mteja wa namna hii atakuja tu.

Ugonjwa huu nauheshimu tangu uliponikutanisha na shule moja ya sekondari. Kikao cha wazazi kilikuwa kimeshaitishwa, matokeo ya muhula yako ndani ya kompyuta ya taaluma, na kompyuta ilikuwa imetoka kupigwa Windows. Diski D haikuguswa, mafaili yote yapo. Lakini mwalimu wa taaluma ni mtu makini. Zamani aliifunga folda ya alama, akaondoa kila jina kwenye orodha ya ruhusa na kuliacha la akaunti yake peke yake, wanafunzi wasije wakachungulia. Baada ya Windows mpya wakamtengenezea akaunti yenye jina lilelile na nywila ileile. Folda ikamkataa. Duka moja kubwa la mjini likawaambia hard disk imeharibika, inatakiwa ipelekwe Dar ikafanyiwe uokoaji wa data, laki tatu.

Nikaitwa mimi, nadhani kwa sababu bei yangu ilikuwa rahisi. Bosi mmoja pale ofisini akaniangalia kuanzia kandambili mpaka kichwani, akamuuliza mwalimu, "Ndiye huyu?" Nilijifanya sijasikia. Nilisikia.

Nikabofya folda kwa kitufe cha kulia, nikaenda Properties, kisha Security, kisha Advanced. Pale juu panapoandikwa Owner, yaani mmiliki, Windows ikasema haiwezi kumwonyesha. Nikabonyeza Change, nikaandika jina la akaunti tuliyoingilia, nikakubali, nikafunga madirisha yote na kuyafungua tena. Sasa orodha ikaonekana. Ndani yake mlikuwa na mstari mmoja tu: Account Unknown, na mbele yake namba ndefu inayoanza na S-1-5-21.

Hapo nikamwita mwalimu aone, maana ndipo palipokuwa na siri yote. Windows haikujui kwa jina, inakujua kwa namba hiyo, inayoitwa SID, kama ofisi inavyokutambua kwa namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, hata mkiwa akina Juma kumi. Ukipiga Windows upya, akaunti mpya inapewa namba mpya, hata uiite jina lilelile la zamani. Ila ruhusa za mafaili ya diski D zimeandikwa ndani ya diski yenyewe, kwenye NTFS (mfumo wa Windows wa kupanga mafaili), kwa namba ya zamani. Kwa hiyo folda haikuwa na virusi wala hard disk haikuwa mbovu. Ilikuwa inatii amri ya mwalimu mwenyewe, inamsubiri mtu ambaye kwenye mashine ile hayupo tena.

"Lakini mimi ni Administrator," akasema. Wengi husema hivyo. Uadministrator haukufungulii kila mlango. Kama kundi la Administrators limeondolewa kwenye orodha, nawe utakataliwa kama mgeni. Kilichobaki mkononi mwako ni haki ya kujitwalia umiliki, na mwenye umiliki ndiye anayeweza kuandika ruhusa upya. Mpangilio ni huo: umiliki kwanza, ruhusa baadaye. Nimeona mafundi wanahangaika na ruhusa nusu siku, umiliki hawajaugusa.

Folda za ndani zilikuwa nyingi mno kuziendea moja moja kwa mausi. Nikafungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, kwa "Run as administrator" (bila hivyo utakataliwa hata kama wewe ndiye mwenye mashine) nikaandika mistari miwili:

takeown /f "D:\Taaluma" /r /d y

icacls "D:\Taaluma" /grant "Mwalimu:(OI)(CI)F" /t /c

Wa kwanza unachukua umiliki wa folda na vyote vilivyomo. Wa pili unampa Mwalimu ruhusa kamili, na yale OI na CI kwenye mabano yanafanya faili au folda itakayoundwa humo baadaye irithi ruhusa hiyohiyo. Weka jina la akaunti yako na njia ya folda yako, na alama za nukuu (" ") usizisahau, hasa ukitumia PowerShell, dirisha jingine la amri, kwani mabano yale yataisumbua.

Alama zikafunguka. Mwalimu akashika kichwa, akacheka. Yule bosi akaniuliza, "Kumbe ni dakika chache tu?" Akatoa elfu kumi. Duka la mjini lilikuwa lilipwe laki tatu kwa kitu ambacho hawakukielewa, mimi niliyekielewa nikapewa nauli na soda. Nakiri, bado inaniuma kidogo.

Kwa msomaji wa Kahama, picha za harusi si siri, hivyo baada ya takeown unaweza kutumia icacls na neno /reset, pamoja na /t na /c, ili kila kitu kirithi ruhusa za diski D yenyewe. Kwa alama za wanafunzi nisingefanya hivyo kamwe. Kurithi kutoka D kwa kawaida kunamaanisha kila mwenye akaunti kwenye mashine ile anasoma.

Sasa nisikilizeni vijana. Kabla hujatamka neno "formati" mbele ya mteja, angalia. Kama kichupo cha Security hakipo kabisa, huenda hiyo ni flashi au diski ya FAT32 au exFAT, ambayo haihifadhi ruhusa hizi, basi tatizo lako liko kwingine. Kama kuna mstari wa Deny (kataza) uliowekwa moja kwa moja kwenye folda ile, huo unashinda Allow (ruhusu). Nimekuta mhasibu kaweka Deny kwa Everyone, yaani kila mtu, ili kuwazuia wenzake, kasahau kwamba naye ni mmoja wa Everyone. Kama folda inafunguka kwenye mashine yake ila kupitia mtandao wa ofisi haifunguki, kuna orodha mbili, ya Sharing na ya Security, na ile yenye masharti makali zaidi ndiyo inayotawala. Na kama unasoma vizuri ila kusevu kwenye Documents ndiko kunakogoma, kachungulie Controlled folder access, kinga inayozuia programu isizoziamini kubadili mafaili, kwenye Windows Security kabla hujagusa ruhusa hata moja.

Mistari ile miwili usiielekeze kwenye C:\Windows. Mafaili mengi ya kule ni ya TrustedInstaller, huduma ya Windows yenyewe, na ukimpora umiliki unakaribisha matatizo ambayo mteja hatakusamehe. Kijana mwenye haraka haji kuwa fundi. Anakuwa mpiga Windows, na mji umejaa wapiga Windows.

Kuna hali moja ambayo takeown haikusaidii. Ukiona aikoni ya faili ina kufuli dogo, au kwenye Windows 7 jina lake ni la kijani, faili hilo limesimbwa kwa EFS, njia ya Windows ya kufunga faili kwa ufunguo wa siri. Utachukua umiliki, utajipa ruhusa zote, na bado litakukatalia, kwa sababu ufunguo ulikuwa kwenye akaunti ya Windows ya zamani. Muulize mteja kama aliwahi kuuhifadhi kwenye faili la .pfx. Kama analo, bofya mara mbili, weka nywila yake, kazi imekwisha. Kama hana na diski C imeshaformatiwa, mwambie ukweli na usimtoze hela ya kujaribu.

Kazi nyingine zote toza, na bei itaje kabla hujawasha mashine. Mimi siku hizi naiandika kwenye risiti mteja akiwa bado amesimama, na sitaji itachukua dakika ngapi.