Nyanya fupi za kupanda kwenye ndoo

Dada, kwa ndoo zako za lita 10 hapo roshani, hiyo nyanya aina ya Anna F1 uliyoiulizia iache. Haikomi kurefuka, ni ya kitalu nyumba na kamba za kuishikilia, mizizi itabanwa na jua la mchana litainyausha kila siku. Chukua Cal J: kichaka kifupi, shina imara, inaacha kurefuka yenyewe. Mche mmoja kwa ndoo, tafadhali, hata kama miwili inaonekana kutosha.

Vile vikopo vidogo vya lita 3 vinataka Tiny Tim, haifiki nusu mita, nyanya zake ndogo kama gololi. Machipukizi ya pembeni usiyakate kwenye hizi fupi, ndiyo yanayobeba matunda. Na ndoo umezitoboa chini?