Onazi vyuo vya Marekani: anza na tasnifu, barua ya udahili baadaye

Mkuu, umeuliza kama uikubali nafasi ya onazi (honors) uliyopewa kwenye chuo kikuu cha umma Marekani, na kama itakushushia GPA (wastani wa alama, kwa kawaida hadi 4.0). Mimi ningeanza na swali ambalo hukuuliza: tasnifu utaandika na nani, na lini? Wengi hukwamia hapo, madarasani wanapita vizuri tu.

Tuelewane maneno kwanza. Onazi siyo shahada ya heshima wanayotunukiwa viongozi, wala siyo zile cum laude (sifa ya kuhitimu na alama za juu) ambazo vyuo vingi hutoa kwa kuangalia GPA peke yake. Ni njia ndani ya shahada ileile: madarasa madogo, idadi fulani ya krediti (vipimo vya uzito wa kozi) za onazi, na mara nyingi tasnifu. Swarthmore, chuo kidogo cha binafsi, walianza yao 1922 chini ya mkuu wao Frank Aydelotte, aliyesoma Oxford, na hadi leo wanafunzi wa onazi wa chuo hicho hutahiniwa na wataalamu wa nje. Vyuo vikubwa vya umma vina sura nyingine. Barrett ya Arizona State na Schreyer ya Penn State ni kama chuo ndani ya chuo.

Kuhusu GPA: darasa la onazi kwa kawaida halikuongezei pointi kama ilivyo sekondari za kule. A ni A. Tuseme kiwango cha kubaki kwenye programu ni 3.4, nawe umemaliza krediti 30 ukiwa na 3.0. Ili ufike 3.4 kwenye krediti 60, hizo 30 zinazofuata unatakiwa upate wastani wa 3.8. Ukipewa hadi krediti 90, 3.6 inatosha. Kwa hiyo uliza muda wa kujirekebisha ni mihula mingapi, na kama ufadhili wako umefungwa na onazi.

Mtego usiotajwa kwenye vipeperushi ni krediti za AP (kozi za ngazi ya chuo zinazosomwa sekondari). Madarasa mengi ya onazi yako kwenye kozi za msingi za mwaka wa kwanza. Ukija umeshazifuta kwa AP, unabaki na deni la krediti za onazi na mahali pa kuzipata hapaonekani. Hapo unakimbilia mkataba: kozi ya kawaida inageuzwa ya onazi kwa kazi ya ziada mliyokubaliana na mhadhiri. Ukiandika "nitasoma kwa kina zaidi" unarudishiwa. Andika hivi: kurasa 10 za kulinganisha njia mbili za kupima kitu kilekile, rasimu wiki ya 8, kikao cha nusu saa kila wiki mbili. Mfuate mhadhiri kabla muhula haujaanza, maana kwake hiyo ni kazi ya nyongeza ambayo mara nyingi hailipwi, na tarehe ya mwisho huwa wiki za mwanzoni.

Sasa tasnifu. Hesabu kinyumenyume. Ukihitimu Mei, utetezi wa tasnifu mbele ya wahadhiri uwe mwanzoni mwa Aprili, rasimu kamili kwa msimamizi mwisho wa Februari (naye atakaa nayo, usijidanganye), data imekamilika Desemba. Kama unahoji watu, kibali cha kamati ya maadili kitangulie hojaji ya kwanza. Hawakupi kibali cha kurudi nyuma, na data uliyokusanya kabla yake inakuwa haina kazi. Maana yake msimamizi awe amepatikana kabla mwaka wa tatu haujaisha. Muulize wazi kama mwaka unaofuata ana likizo ya utafiti. Swali hilo linaonekana la kitoto mpaka usikie yuko bara jingine wakati unahitaji sahihi yake.

Uuguzi na uhandisi, ambako ratiba imebana, omba mpango wa mihula yote 8 ukiwa na onazi ndani. Mshauri wa masomo akishindwa kukuchorea, usiingie. Akiweza, ingia, na kama programu inakupa haki ya kujisajili mapema kwenye kozi, itumie kuanzia muhula wa kwanza. Ada ya programu, kama ipo, iulizie ni ya kila muhula au ya mwaka.