Naomba mkono mmoja tu

Mwaka wa kwanza wa kuuza singo, ule mchanganyiko wa kunukia wa kusugulia mwili, hapa Tanga nililipia tangazo la redio kwa wiki 2. Nikapigiwa simu 5, mbili kati yake za watu walioulizia kama nauza na udi.

Aliyenitoa tongotongo ni Estée Lauder, mwanamke wa Marekani aliyeanzisha kampuni kubwa ya vipodozi. Najua, kati ya kampuni yake na kinu changu cha kutwangia karafuu na liwa (mti wa kunukia) kuna bahari nzima. Lakini soma alivyoanza. Alizaliwa New York mwaka 1908, baba yake ana duka la hadiwea, na mjomba wake, John Schotz, ni mkemia anayetengeneza krimu. Binti akazibeba hadi saluni. Wanawake wamekaa chini ya draya, hawana pa kwenda, naye anawapaka bure. Mtu akiinuka, anafungiwa kidogo akajaribu nyumbani.

Mwaka 1946 yeye na mumewe Joseph walifungua kampuni wakiwa na bidhaa 4, wakizipika wenyewe kwenye jiko la uliokuwa mgahawa. Mwaka 1948 duka kubwa la Saks likaagiza mzigo wa dola 800, ukaisha kwa siku 2. Walipokwenda kwa watu wa matangazo na dola zao 50,000, waliambiwa hizo hazifiki popote. Basi fedha ikaingia kwenye sampuli. 

Nikaacha redio. Jumamosi naenda saluni (omba ruhusa ya mwenye saluni kwanza, na umwachie kopo lake). Dada yuko chini ya draya dakika 40, simu imeisha chaji. "Dada, naomba mkono." Nachanganya singo na marashi, nampaka mkono mmoja, nasugua, nafuta kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu. Wa pili siugusi. Halafu naondoka, naenda kupiga soga na msusi. Haipiti muda mrefu, mwenyewe anaiweka mikono yake sambamba, ananusa mmoja, anamwonyesha wa jirani. Hapo sina haja ya kusema neno.

Kipakiti cha kuondoka nacho kitoshe mara 2. Mara ya kwanza anajaribu, ya pili anaringia.

Nimekosea pia. Harusini niligawa vipakiti 200. Vingi vilichukuliwa na watoto, wakapakana usoni. Kibaya zaidi, kuna mwezi niligawa sampuli nyumbani sina hata kopo moja la kuuza. Wateja wakapiga simu, nikawaambia wasubiri, na waliosubiri ni wachache. Twanga kwanza, gawa baadaye. Na TBS, Shirika la Viwango Tanzania, usiwakwepe: vipodozi viko chini yao tangu 2019, na duka lolote la maana litakuuliza.

Kuna jambo lingine nililoliiba kwa Estée Lauder. Zama zile manukato yalikuwa zawadi, mke anangoja mume amnunulie. Mwaka 1953 akatoa Youth-Dew, mafuta ya kuogea yanayonukia kama manukato, kwa dola 8.50, na mwanamke akajinunulia mwenyewe kama anavyonunua sabuni. Singo nayo kwetu ilikuwa ya bibi harusi. Nikaifunga kwenye kopo dogo la matumizi ya wiki moja, nikaandika "Ya Ijumaa". Sasa wanaonunua zaidi ni kina mama walioolewa miaka 20 iliyopita.

Mmoja wao, bibi mtu mzima kabisa, nilimkuta saluni anasubiri mjukuu wake. "Shikamoo bibi, naomba mkono." Akanipa, nikasugua. Akanusa, akafumba macho, akanusa tena.

"Marahaba. Mwanangu, liwa umeipunja."

Nilirudi nyumbani nikapima upya. Kweli nilikuwa nimeipunja.